Baba alianguka, baba mdogo akaanguka, sasa ni zamu ya kaka: je, ukoo wetu umelaaniwa?

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, maana mchana nyumba yetu haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Muheza, mkoani Tanga.

Babangu alifariki nikiwa darasa la tano. Alikuwa na miaka 41. Siku hiyo aliamka vizuri, akanywa chai, akaenda shambani kuchuma machungwa. Saa nne asubuhi watu wakaja mbio kutuambia ameanguka chini ya mchungwa. Hakuwa ameugua hata siku moja. Miaka sita baadaye baba mdogo, aliyemfuata baba kwa kuzaliwa, akafia ndani ya daladala akitoka Tanga mjini. Kondakta alidhani amesinzia. Na shangazi anasema hata babu, baba yao, alikutwa kando ya kisima, ndoo imeshajaa, yeye amelala hapo hapo.

Kaka yangu ana miaka 31, ni fundi uashi. Tangu utotoni anatembea kwa vidole, visigino vyake havikai chini sawasawa, na viwiko havinyooki. Shuleni walimwita Mwanamasumbwi kwa sababu mikono yake ilikuwa imekunjwa muda wote. Nikiangalia picha ya harusi ya baba na mama, naona baba naye mikono yake iko vile vile. Mwaka jana kaka alizimia mara mbili kazini. Hospitali walisema moyo wake unapiga taratibu mno, wakamfunga betri ya moyo. Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa sasa amepona, arudi kazini.

Binamu yetu aliyeko Ujerumani alisaidia damu ya kaka ipimwe huko. Karatasi ilirudi na maneno mengi, nililoshika ni LMNA tu. Daktari mmoja aliisoma, akasema, “Huu ni ugonjwa wa vinasaba, wa kurithi,” kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Nikarudi nyumbani nikaandika hilo neno kwenye simu. Daktari, niliona picha za watoto wa miaka sita wenye upara na ngozi ya wazee. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Shangazi anasema hakuna ugonjwa. Anasema babu alikata mti uliokuwa mahali pa mizimu, akachoma tanuri la mkaa, na deni hilo linalipwa na wanaume wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Anataka tufanye tambiko, kila mmoja achangie mbuzi. Dada yetu mkubwa, miaka 36, amekubaliana naye. Anasema ugonjwa huu unachagua wanaume, sisi wanawake hautuhusu, na hataki kusikia habari za vipimo. Yeye mwenyewe ana kizunguzungu cha mara kwa mara, lakini zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu. Juzi alipima presha duka la dawa, mashine ikaandika mpigo 42, muuza dawa akasema betri za mashine zimekwisha. Mwanawe wa miaka 11 ni mchezaji mzuri wa mpira, ila siku hizi mwalimu wake analalamika anatembea kama amevaa viatu vya kisigino kirefu. Dada anasema anamuiga mjomba wake.

Mimi naolewa baada ya Ramadhani. Mahari imepokelewa. Mchumba wangu hajui chochote. Mama ananiambia nifunge mdomo, siri ya ndani haitolewi nje. Swali langu ni hili: nimwambie au nisimwambie? Watoto nitakaozaa watakuwa kama wale wa kwenye picha? Na kweli hii si laana?

Ni mimi, Binti wa Muheza

*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa baba, pole kwa baba mdogo, na pole kwa kuubeba mzigo huu usiku peke yako.

Umeniuliza habari za ndoa yako, na nitakujibu. Lakini naomba harusi ikae pembeni kidogo, kwa sababu ndani ya barua yako yumo mtu uliyempitia kwa haraka, na ndiye aliyenifanya niisome barua yote mara ya pili. Ni dada yako mkubwa.

Kizunguzungu, na mpigo 42. Inawezekana kweli betri za mashine zilikwisha. Lakini kabla ya kuilaumu mashine, mwambie dada akae kitako dakika tano, umwekee vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mpigo kwa dakika nzima ukiangalia saa. Mama wa miaka 36 ambaye si mwanariadha, mpigo wake ukiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu, huyo hahitaji vidonge vya damu. Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, ECG, wiki hii hii. Akizimia hata mara moja, msingoje kesho, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

Halafu kuna mwanawe. Mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akikimbia vizuri kisha akaanza kunyanyua visigino hamuigi mjomba. Mwangalie viwiko. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. Kisha mwambie ainamishe kichwa, kidevu kiguse kifua. Viwiko visiponyooka, au shingo ikigoma, basi kile mlichokiona kwa kaka kimeshaanza kwake. Na kama kimeanza kwake, amekipata wapi? Ukoo huu ni wa baba yenu, na kati ya mtoto huyu na baba yenu yupo mtu mmoja tu, mama yake. Miguu ya mtoto inatuambia habari ya moyo wa mama.

Dada anaposema ugonjwa unachagua wanaume, kuna chembe ya ukweli ndani yake: kwa jumla wanaume hupata mpigo hatari zaidi kuliko wanawake. Lakini wanawake wanaurithi sawa na wanaume, wanaugua moyo, na wanaurithisha. Upo ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu ambao kweli huwapata zaidi wanaume. Alan Emery na Fritz Dreifuss waliueleza mwaka 1966, kutokana na ukoo mmoja wa Virginia, Marekani: viwiko na visigino vinavyokaza tangu utotoni, misuli ya mikono na ya miguu kukonda, kisha moyo kupoteza mpangilio wa mapigo. Mwaka 1994 jeni yake, yaani kipande cha vinasaba chenye maagizo ya kutengeneza protini, ilipatikana kwenye kromosomu X, moja ya vifurushi vinavyobeba vinasaba vyetu, na protini yake ikaitwa emerini. Ila huo hauwezi kuwa wenu, na hili ungeweza kulijua hata kabla ya karatasi ya Ujerumani. Baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu Y, hampi X. Kwenu babu amempa baba, baba amempa kaka. Kwa hiyo kitu chenyewe kimekaa kwenye kromosomu ya kawaida, ambayo mzazi yeyote humpa mtoto yeyote. Mwaka 1999 Gisèle Bonne na wenzake huko Paris walikipata chanzo cha aina hii: jeni LMNA, iliyoko kromosomu namba 1. Ndiyo hiyo iliyoandikwa kwenye karatasi yenu.

Sasa nikueleze jeni hii inafanya kazi gani, maana “ugonjwa wa vinasaba” ni neno ambalo peke yake halimsaidii mtu.

Umewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa. Kwanza husimama nguzo, kisha fito zinafungwa kwa kamba, huku na huku, mpaka zinakuwa wavu. Udongo unakandikwa mwisho. Mtu wa nje anaona udongo, lakini kinachoshika ukuta ni fito. Kila seli ya mwili wako ina chumba cha katikati, kiini, na ndani yake DNA yako imekunjwa, karibu mita 2 za uzi ndani ya kitu kisichozidi kwa kawaida sehemu moja ya mia ya milimita. Kiini kina ukuta wa utando mwembamba laini. Ndani ya utando huo, ukiwa umeugusa, umepangwa wavu wa nyuzi za protini zinazoitwa lamini. Hizo ndizo fito zake. Jeni LMNA hutoa lamini A na lamini C. Jeni nyingine mbili hutoa lamini za aina B.

Fito hizi zina kazi zaidi ya kushika ukuta. DNA iliyo pembezoni mwa kiini imefungwa kwazo, na jeni zilizofungwa hapo nyingi hunyamazishwa, ili seli ya moyo isianze kusoma maagizo ya seli ya ngozi. Kwa upande wa nje, lamini zimeunganishwa na protini zinazovuka utando, na hizo zimeshikana na nyuzi zinazoishika seli yenyewe kama mifupa inavyoushika mwili. Kwa hiyo seli ikivutwa, kiini nacho kinavutwa. Na seli inapotaka kugawanyika, wavu mzima hufumuka, vipande vinatawanyika, kisha unafumwa upya katika seli mbili mpya. Nimesoma jambo hili miaka mingi na bado linanishangaza kila mara.

Kwa nini basi hitilafu ya kitu kilichomo karibu kila seli inaumiza moyo, misuli na kano, na haigusi macho wala akili ya kaka yako? Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kiasi cha lamini A hupanda kadiri kiungo kinavyokuwa kigumu na kuvutwa sana. Mfupa na msuli vina nyingi, ubongo una kidogo. Sehemu zenye kazi ya kuvutana ndizo zinazozitegemea zaidi. Na hakuna kiungo kinachovutwa kama moyo: mapigo yapata laki moja kwa siku, bila likizo, tangu tumboni mwa mama. Kiini chenye fito dhaifu hupinda, wakati mwingine hupasuka, DNA inaumia, na maagizo yaliyofungwa pembezoni yanaachiliwa ovyo. Seli za moyo hufa moja moja, na mahali pake huota kovu. Kovu halipitishi umeme. Hapo ndipo mpigo unapochelewa, kisha unapotea.

Wanasayansi bado wanajadiliana ni lipi linaumiza zaidi, kuvutwa kwa kiini au kuvurugika kwa maagizo. Mimi naona yote mawili yapo, lakini kwa familia yenu mjadala huo haubadilishi la kufanya.

La kufanya linaanza na kaka. Hili naomba ulisome polepole, ikiwezekana ulisome naye. Mliambiwa amepona. Hajapona. Betri ya moyo inafanya kazi moja: mpigo ukichelewa, inasukuma. Moyo wenye hitilafu ya lamini una hatari ya pili, ambayo ni mpigo wa kasi wa vyumba vya chini, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu anaanguka kama alivyoanguka baba. Betri ya kawaida haiwezi kuzuia hilo. Mwaka 2005 zilikusanywa taarifa za watu 299 wenye hitilafu za jeni hii. Waliovuka miaka 30, 92% yao walikuwa na tatizo la mpigo, na watu walikufa ghafla hata wakiwa na betri. Mwaka uliofuata madaktari wa Ufaransa walitangaza matokeo ya wagonjwa 19 waliohitaji betri lakini wakafungiwa kifaa kinachoweza pia kuushtua moyo. Ndani ya miaka mitatu hivi, 8 kati yao walikuwa wameokolewa na kifaa hicho. Tangu hapo, mgonjwa wa LMNA anapohitaji betri, swali la kwanza linapaswa kuwa: kwa nini asipewe hicho cha kushtua?

Aliyemfunga kaka betri huenda hakukosea kwa alichokijua siku ile, karatasi ya vinasaba ilikuwa haijafika. Sasa imefika. Kaka aichukue, pamoja na kadi ya betri yake, aende kwa daktari bingwa wa moyo, na aombe mambo haya kwa maneno yake mwenyewe: apimwe eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kuona nguvu ya moyo, betri yake isomwe kama imewahi kurekodi mpigo wa kasi, na aulize kama anafaa kubadilishiwa kifaa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ndiko ningempeleka ndugu yangu. Rufaa aiombe hospitali ya mkoa. Kifaa hicho ni ghali kuliko betri ya kawaida, kwa hiyo habari za bima ziulizwe mapema. Aulize pia kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu kwenye ugonjwa huu vyumba vya juu vya moyo mara nyingi hupoteza mpigo wake, damu inatuama humo, na donge likipanda kichwani ni kiharusi. Na uashi? Kupandisha zege kutwa nzima ni kazi ambayo moyo huu hauiwezi, na mazoezi makali yanaelekea kuuchosha mapema. Kutembea ni sawa, kazi nyepesi ni sawa. Najua kumwambia fundi aache kazi ni kumwambia aache kula, ndiyo maana nasema mlizungumze nyumbani kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mtu anayesoma ramani na kusimamia mafundi bado ni fundi.

Nije kwenye picha zilizokunyima usingizi.

Wale watoto wana ugonjwa unaoitwa projeria. Jonathan Hutchinson aliueleza mwaka 1886, na chanzo chake kilijulikana mwaka 2003, kikapatikana kwa wakati mmoja Marekani na Ufaransa. Ni kweli unatokana na jeni LMNA. Lakini ni kosa jingine kabisa, mahali pengine kwenye jeni hiyo hiyo. Herufi moja inabadilika, seli inakata maandishi mahali pasipopaswa kukatwa, na lamini A inatoka ikiwa imepungukiwa vipande 50 vya asidi amino. Protini hiyo mbovu, projerini, inabaki imeng'ang'ania ukuta wa kiini na kuuharibu. Karibu kila mara kosa hilo huzaliwa na mtoto mwenyewe, wazazi hawanalo. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya takriban milioni 4 wanaozaliwa. Kwenye ukoo wenu hitilafu imeshuka kutoka kwa babu mpaka kaka ikiwa ile ile, na watoto wenu wakiirithi watairithi hiyo hiyo. Kuwa na hitilafu ya misuli na moyo hakukuongezei hatari ya kuzaa mtoto wa projeria. Futa picha hizo kwenye simu.

Na kwa kuwa umeshawaona watoto hao, ujue pia kwamba hawakuachwa. Wazazi wa mtoto mmoja wa Marekani, Sam Berns, ambao wote wawili walikuwa madaktari, walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1999, na ndiyo iliyosukuma jeni hiyo itafutwe. Sam alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 17, akiwa na akili kali na marafiki wengi. Ubongo hutengeneza lamini A kidogo sana, na inaelekea ndicho kinachowalinda. Mwaka 2020 dawa iitwayo lonafarnibu iliidhinishwa Marekani, na inawaongezea miaka. Kwa ugonjwa wa kwenu bado hatuna dawa ya namna hiyo. Iliyokuwa imetegemewa sana ilisimamishwa majaribio mwaka 2022 ilipoonekana haitafikia lengo lake. Kwa hiyo akija mtu kuwauzia chupa ya kurekebisha vinasaba, hana kitu. Tulichonacho ni vifaa, dawa za kuusaidia moyo uliochoka, na kuangaliwa mapema, na hivyo vitatu vinarefusha maisha.

Nitataja jambo moja zaidi kwa wasomaji wengine, kwa sababu watalikuta wakitafuta neno hili. Jeni hiyo hiyo ikikosewa mahali pengine huwapa watu, na huonekana zaidi kwa wanawake, mikono na miguu iliyokauka mafuta, mishipa na misuli inaonekana, huku shingo na uso vikinenepa, kisha kisukari na mafuta mengi kwenye damu. Binti wa Muheza, hilo pia haliwahusu ninyi.

Shangazi yako sasa. Usimdharau, na usibishane naye mbele ya watu. Jibu langu kwako ni wazi: si laana, na mti wa babu hauhusiki. Babu angeuacha mti ule, moyo wake ungesimama vile vile. Lakini shangazi amefanya kazi ambayo daktari yeyote wa vinasaba angeianza nayo. Ameona kwamba vifo hivi ni kitu kimoja. Hospitali ziliona mtu mmoja mmoja, yeye ameuona ukoo. Nenda ukae naye na daftari. Mwombe akutajie watoto wote wa babu, na ndugu wa babu, na watoto wao: nani alikufa ghafla, akiwa na umri gani, nani alikuwa na mikono ya kukunja, nani alipata kiharusi kijana, nani alifungwa betri. Umwulize na habari zake mwenyewe, maana naye ni mtoto wa babu, na umri wake haumwondoi kwenye orodha ya kupimwa. Wakitaka kufanya tambiko, wafanye baada ya vipimo. Fedha za mbuzi wa kwanza ziwe nauli ya dada na mwanawe.

Kuhusu wewe. Kila mtoto wa baba yenu alizaliwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi hitilafu hii, wewe ukiwemo. Kaka kuwa nayo hakupunguzi wala kuongeza ya kwako. Kwa kuwa hitilafu ya kaka imeshajulikana mahali ilipo, maabara haihitaji tena kusoma jeni nzima, itaangalia sehemu hiyo moja tu, na gharama huwa ndogo. Kwanza lakini mpeleke daktari karatasi aone imeandikwaje. Baadhi ya mabadiliko ya jeni yanaandikwa kwamba maana yake haijathibitishwa, na kwetu Waafrika hutokea zaidi kwa sababu vinasaba vyetu havijasomwa vya kutosha. Ikiwa ndivyo, kipimo cha damu hakitakupa jibu, na utategemea ECG na eko za kila mwaka. Ikiwa imeandikwa bila shaka kwamba ndiyo chanzo, na wewe ukapimwa ukakutwa huna, basi mlango umefungwa: huwezi kuugua ugonjwa huu, na huwezi kuwarithisha watoto wako. Ukikutwa unayo, hujahukumiwa. Utaangaliwa kila mwaka, utapewa kifaa kabla ya kuanguka badala ya baada, na utamwona daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba, si katikati yake. Baba yako hakupata nafasi hiyo.

Mchumba wako mwambie. Nimemsikiliza mama yako, na nadhani namwelewa: amezika mume, anaogopa kuona binti yake akirudishiwa mahari. Lakini unaingia kwenye ndoa ambamo siku moja mwenzio anaweza kukukuta umelala sakafuni. Anastahili kujua aanze kukandamiza kifua chako na kuita msaada, badala ya kukumwagia maji. Usimpelekee hofu tupu. Pima kwanza ECG na eko, hizo hazichukui muda, kisha kaeni wawili, umwambie: baba alikufa hivi, kaka ana hiki, mimi nimepimwa moyo uko hivi, kipimo cha damu nitafanya au nimefanya, kila mtoto wetu atakuwa na nafasi hii. Mwambie mama kwanza kwamba utasema, asije akalisikia kwa wengine. Akiondoka utaumia, na nitakuwa muongo nikikuahidi hataondoka. Akibaki, umepata mtu wa kukushika mkono Muhimbili. Kipimo cha damu chenyewe, usilazimishwe na yeyote kukifanya kabla ya ndoa, wala na familia ya bwana harusi. Hicho ni chako.

Nirudi kwa mtoto. Apimwe moyo kwanza. Asifanyiwe upasuaji wa kano za kisigino kabla moyo wake haujaangaliwa, na siku ya upasuaji wowote mtoa usingizi aambiwe habari za ukoo. Mtaalamu wa viungo atamwonyesha mama yake jinsi ya kunyoosha visigino na viwiko kila jioni, taratibu, bila kulazimisha. Moyo kwa kawaida hauanzi kusumbua katika umri wake, lakini mpaka daktari aseme, asicheze mechi za ushindani. Usiende kumwambia mtoto hayo kwa kumtisha. Nenda kwa yule mwalimu, ambaye aliona visigino kabla yenu, mwambie ukweli, na mwombe amtafutie mtoto kazi hapo hapo uwanjani, ya kuandika magoli au kupanga kikosi, ili jioni atoke nyumbani na jezi yake kama wenzake.

Dada umpeleke Jumatatu. Akikataa kwa ajili yake, mwambie unampeleka mtoto na unahitaji mama yake awepo. Mkifika dirishani, kateni kadi mbili.